Pima Mwanga, Usipime Mtu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mgeni kutoka Uholanzi, naishi Rau, Moshi, na familia yangu. Majirani wameshaizoea kamera yangu na huniomba niwapige picha za familia. Mwenyewe napenda kupiga maisha ya mtaani: mama akikaanga vitumbua, watoto wakitoka shule, pilikapilika za soko la Mbuyuni. Shida yangu ni kwamba watoto wangu wanatoka vizuri, lakini majirani wanatoka weusi tii, macho hayaonekani. Nikiwaongezea mwanga kwenye kompyuta wanakuwa na rangi ya majivu. Kijana mmoja mjini akaniuzia "preseti za ngozi ya Kiafrika", yaani marekebisho yaliyopangwa tayari ya kutia kwenye picha. Nimezitumia, na sasa bibi wa nyumba ya jirani amekuwa mweupe kuliko alivyo, mjukuu wake anasema siye. Kamera yangu ni ya kawaida, lenzi ni ya milimita 50, f/1.8. Je, ninunue kamera kubwa zaidi na flashi, au kuna preseti nzuri kuliko hizi? Naambatanisha picha mbili. Mama Lotte, Rau.

JIBU: Marahaba, Mama Lotte. Pesa yako iache ilipo. Kamera uliyo nayo inatosha, na lenzi hiyo ndiyo ningekuchagulia mwenyewe.

Barua kama yako naipata kila mara, na haiji kwa wageni peke yao. Vijana wetu walionunua kamera ili wapige harusi wanauliza jambo hilohilo kwa maneno mengine. Wote wameshaambiwa na mtu fulani kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupiga, kwa hiyo inahitaji dawa, na dawa inauzwa. Hapo ndipo ninapokasirika. Tazama familia moja tu ya hapo Rau: baba mweusi wa kung'aa, mama maji ya kunde, mtoto wa kwanza kamfuata baba, wa pili kamfuata shangazi. Preseti ya "ngozi ya Kiafrika" inamkusudia nani kati ya hao? Aliyeitengeneza alichukua uso mmoja katika mwanga mmoja, akahifadhi marekebisho yake, akayapa jina na kuyatia bei. Bibi wa jirani yako hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye picha zako. Katika ya kwanza, bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na kivuli cha kiti kimelala chini kabisa ya kiti, maana yake ulipiga karibu na saa sita mchana. Katika ya pili yupo barazani na wajukuu, wamekaa ndani kabisa ya kivuli, na nyuma yao uwanja unawaka jua. Picha zote mbili zina kosa moja, na kosa hilo halipo usoni pa mtu yeyote.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakimjui bibi wala ukuta. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vyote, kinatafuta wastani, kisha kinalazimisha wastani huo ufanane na kijivu cha katikati, kile ambacho mafunzo ya picha hukiweka kwenye asilimia 18 ya mwanga unaorudishwa. Ukuta wa chokaa unarudisha mwanga mwingi mno, kwa hiyo kamera inaona umezidi na inaupunguza. Chokaa inatoka kijivu, na bibi anashushwa pamoja nayo hadi gizani. Watoto wako wakikaa palepale nao wanashushwa vilevile. Tofauti ni kwamba ngozi yao ilianzia juu ya kile kijivu, kwa hiyo ikishuka stopu moja, yaani mwanga ukipungua nusu, macho bado yanaonekana, nawe unadhani kamera imewapatia. Haikuwapatia. Iliwakosea kwa kiasi kilekile, ila kosa lilipata pa kujificha.

Ukishaelewa hilo utaona kwa nini dawa ya mkato ya "watu weusi waongezee mwanga" nayo ni uongo. Mweke bibi huyohuyo kwenye mlango wa ndani wenye giza, amevaa buibui jeusi, ajaze fremu. Kamera itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga mpaka weusi huo uwe kijivu, na bibi atatoka amepauka kama aliyepigwa na vumbi la Boma Ng'ombe. Mtu yuleyule, ngozi ileile, makosa mawili yanayokwenda pande tofauti. Anayekwambia uongeze stopu moja kila unapopiga Mwafrika hajawahi kukaa akatazama kamera yake inafanya nini.

Kinachotakiwa ni kupima mwanga unaomwangukia mtu, na kuuacha uso wake uitikie wenyewe. Mwenye kipima mwanga cha mkononi hukiweka karibu na shavu la anayepigwa na kukielekeza kwenye kamera, na rangi ya shavu haiingii kabisa kwenye hesabu. Wewe huna kifaa hicho, lakini una kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana hata kama nyuso zimetofautiana mno, na kiganja hurudisha mwanga kiasi cha stopu moja zaidi ya kile kijivu cha katikati. Basi simama alipo bibi, au nyosha mkono wako kwenye mwanga uleule unaomwangukia, kiganja kikielekea upande wa kamera. Weka kamera kwenye M, ambapo namba zote unazipanga mwenyewe, kipimo cha mwanga kiwe cha nukta ya katikati (spot), kiganja kijaze nukta hiyo, rekebisha mpaka mshale ukae kwenye sifuri, halafu ongeza mwanga stopu moja. Usiguse tena namba hizo mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Baba atatoka mweusi wa kung'aa, mama atatoka maji ya kunde, na Lotte akiruka akaingia kwenye picha atatoka kama Lotte, wote katika fremu moja. Hakuna preseti duniani inayofanya hivyo.

Kama M bado inakutisha, tumia kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Mbele ya ukuta mweupe au anga nyeupe nenda kwenye +1 mpaka +1.7. Mtu aliyevaa nguo nyeusi na kujaza fremu, shuka kidogo, −0.3 au −0.7. Kisha tazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha umegawanyika vipi, usiamini kioo cha nyuma, kwa sababu juani kioo hicho hudanganya kila mtu.

Umeuliza pia kwa nini wanakuwa rangi ya majivu ukiwaongezea mwanga kwenye kompyuta. Sehemu ya picha iliyozama gizani ina habari chache sana. Faili la JPEG lina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na uso uliokosa mwanga unajibana kwenye ngazi chache za chini. Ukiuvuta juu hupati wekundu wa damu wala udhahabu wa ngozi, kwa sababu havikurekodiwa. Unachopata ni chengachenga na kijivu. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, lina biti 12 au 14, maana yake maelfu ya ngazi, kwa hiyo lina uvumilivu mkubwa zaidi, na nakushauri uanze leo kupiga RAW. Lakini hata hilo halifufui kisichokuwepo.

Jambo la pili ni mwanga wa huku kwetu. Moshi ipo kama nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la mchana linapita karibu na utosi kabisa. Jua la hivyo linachimba mashimo machoni, na kwa mwenye kofia au kilemba linafuta nusu ya uso. Usipige watu juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kama huna sababu. Baada ya saa kumi mpaka jua linapokaribia kuzama, muda wa saa kumi na mbili na nusu hivi, una nafasi nzuri. Na ile miezi ya Juni mpaka Agosti ambayo mawingu hukaa juu ya mji asubuhi nzima na wageni wanalalamika hawauoni mlima, hiyo ndiyo miezi ya kupiga nyuso. Anga lote linakuwa taa moja kubwa na laini, bure. Watu hunipigia simu kuahirisha kwa sababu "leo hakuna jua", nami huwasihi waje upesi.

Baraza ni studio uliyojengewa tayari. Kosa lako katika picha ya pili ni kwamba uliwaacha ndani ya kivuli, kisha ukasimama upande ambao uwanja uko nyuma yao. Sogeza kiti cha bibi mpaka ukingoni, pale kivuli cha bati kinapoishia, magoti yakikaribia mstari wa jua lakini uso ukibaki kivulini. Mgeuze atazame uwanja, nawe simama uwanjani. Sasa anga yote iko mbele yake, na udongo uliofagiliwa unarudisha mwanga wenye joto kidogo chini ya kidevu na machoni. Utaona kinukta cheupe kimeingia kwenye mboni za macho. Kama hakionekani, bado hajageuka vya kutosha.

Angalia pia kile kinachorudisha mwanga. Chini ya migomba kila uso unakuwa na ukijani, na watu huhangaika nao kwenye kompyuta usiku kucha. Chini ya turubai la bluu la sokoni uso unakuwa wa bluu upande mmoja na wa kawaida upande wa pili, na mchanganyiko huo hauponi kwa kugusa kitufe. Mwombe mama asogee hatua mbili nje ya turubai, au sogea wewe, au subiri ajitokeze mwenyewe kumpokea mteja pesa.

Jirani zako wakijua wanapigwa picha wataenda kujipaka mafuta. Waache, na usimfute mtu uso kwa kitambaa. Uso mweusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: pale mwanga unapoteleza juu ya shavu, kwenye daraja la pua, juu ya mfupa wa jicho. Mwanga mpana, kama mlango ulio wazi au ukingo wa baraza, unatandaza mng'ao huo ukawa mkubwa na laini, na uso unajengeka. Flashi ndogo iliyokaa juu ya kamera inafanya kinyume, inatupa vidoa vyeupe kwenye paji la uso na kubapaza kila kitu kingine. Ndiyo maana nakukataza flashi kwa sasa. Siku ukiinunua, ielekeze kwenye dari nyeupe, kamwe si usoni, na ujue kwamba sebule iliyopakwa rangi ya kijani au waridi itawapaka watu rangi hiyohiyo.

Kuhusu f/1.8, yaani tundu la lenzi yako likiwa wazi kabisa: kwa mtu mmoja ni sawa. Kwa familia iliyokaa mstari mmoja tumia f/4, wakiwa mistari miwili f/5.6, la sivyo babu atakuwa wazi na wajukuu ukungu. Watoto wanaotembea wanahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishe hadi 1600 bila woga. Chengachenga kidogo kwenye uso uliopata mwanga wake si kitu ukilinganisha na uso uliozama.

Wazo hili la kwamba ngozi nyeusi haipigiki lina asili yake. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za rangi kadi za kupimia zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley kutokana na jina la mwanamitindo wa kwanza. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na wengine wote wakatoka watakavyotoka. Miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane sawasawa kwenye matangazo. Mwaka 2021 Google nayo ikatoa simu za Pixel 6 na mfumo iliouita Real Tone, ili kamera ya simu iache kukosea nyuso za watu weusi. Kwa hiyo tatizo ni vyombo vilivyopangwa kwa kumwangalia mtu mwingine. Kihisi cha kamera yako ya leo kinaona vizuri kabisa kutoka kwenye shati jeupe la shule hadi kwenye shavu jeusi linalovaa shati hilo, mradi mpigaji ajue anapima nini. Anayeendelea kusema ngozi ndiyo tatizo anaficha uvivu wake.

Na uvivu huo umeshakuwa biashara. Pita kwenye maduka ya picha mjini Moshi au Arusha utazame zilizobandikwa vioo vya mbele. Bi harusi ana uso wa rangi moja, shingo ya rangi ya pili, na mikono inayoshika maua ni ya mtu wa tatu. Watoto wa kipaimara wote wana ngozi moja kama waliotoka kiwandani. Simu nyingi zinauzwa zikiwa na kipengele cha kulainisha na kung'arisha uso kimeshawashwa, mwenye simu hajui hata pa kukizimia. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, tunawaonya mabinti zetu waache mkorogo, halafu tunawapaka mkorogo huohuo kwenye picha na kuwaambia wamependeza. Mtoto wa miaka sita akiona kila picha yake imepunguzwa weusi anaelewa haraka sana alichoambiwa.

Kuna mahali ambapo jambo hili linauma zaidi, nako ni msibani. Mzee akifariki, familia inatafuta picha ya kukuza iwekwe mbele ya jeneza na baadaye sebuleni. Wanakuja kwangu na picha iliyong'arishwa siku ya harusi ya mjukuu. Mikunjo imefutwa. Kovu la juu ya nyusi, ambalo kila mtoto aliyebebwa na bibi yule alilishika kwa kidole, halipo. Wanaomba niurudishe uso wake. Faili la awali lilishafutwa na mpiga picha, lililobaki ni nakala ndogo iliyopita kwenye WhatsApp mara kadhaa, na hakuna fundi anayeweza kurudisha kovu lililofutwa. Wanaweka picha ile mbele ya jeneza kwa kuwa hawana nyingine.

Kwa mgeni kuna upotovu wa aina nyingine, nao pia una preseti zake. Ni zile za giza, rangi zimenyonywa, mawingu mazito, kila mtaa unaonekana umetoka vitani. Nimeona Pasua na Majengo zikifanywa hivyo, mitaa ambayo mchana wake ni kanga za njano, milango ya bluu na kelele za watoto. Ukipiga mama wa vitumbua akicheka na wateja, acha acheke katika rangi alizovaa.

Omba kabla ya kupiga, kwa salamu kamili, hata kama picha unayoiona itapotea wakati mnajuliana hali. Itakuja nyingine. Sokoni nunua kitu kwanza. Ukiahidi picha, ilete, kwa maana swali la "picha zetu ziko wapi?" limewafungia milango wapiga picha wengi waliokuja baada ya mmoja aliyedanganya. Watoto wa watu usiwaweke mtandaoni bila ridhaa ya mzazi, hasa wakiwa na sare inayoonyesha shule yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na uso wa mtu ni taarifa yake. Siku utakayoanza kutoza pesa, kumbuka kuwa mgeni hufanya kazi kwa kibali.

Za bibi ulizonazo, fanya hivi. Kama ulipiga JPEG tu, ziache, rudi Jumamosi baada ya saa kumi, kiti ukingoni mwa baraza, kiganja kwanza. Kama RAW zipo, futa preseti yote, pandisha mwanga wa picha nzima hatua kwa hatua, na usiguse rangi ya ngozi. Kisha kasafishe nakala moja tu ya majaribio. Mwambie fundi wa maabara azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, kwa sababu yakiwashwa mashine nayo itamng'arisha bibi bila kukuuliza. Ipeleke barazani wakati wa mchana, uishike kando ya mkono wa bibi mwenyewe, na mjukuu awepo. Akisema ndiye, safisha zilizobaki.